Habari za Mtu ni Mali Yake

Hapa Uyole njia zagawanyika: moja yaenda Iringa, moja Mbeya mjini, na moja Tukuyu hata mpaka wa Malawi. Lakini picha iliyotiwa mtandaoni hupita njia zote kwa dakika moja.

Mtu aonyeshaye huko kitambulisho chake, siku yake ya kuzaliwa na namba yake ya simu, huwarahisishia wezi kazi: tapeli hujifanya ndugu yake, akaomba fedha. Na ajapoifuta picha ile, nakala walizochukua wengine hubaki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wazazi wengine hunitaka nitume alama za darasa zima katika kundi la simu. Mimi hukataa, humwita kila mzazi peke yake, nikamweleza ya mtoto wake tu. Mtoto aliyeshindwa hesabu leo aweza kushinda mwakani, walakini aibu iliyokwisha sambaa hairudi.

Katiba yetu, katika ibara ya 16, yalinda faragha ya kila mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Basi, wanafunzi, kabla ya kutuma habari ya mwenzenu, mwulizeni kwanza kama akubali.