Faili la mtoto wa miaka sita

Jumatatu, 3 Machi 2025, Morogoro

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ametuletea sisi maofisa ustawi wa jamii faili la ndoa iliyokwisha vunjika. Anataka taarifa ya ustawi kabla ya kuamua mtoto akae na nani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka apate ushauri wa mtu mwenye uzoefu na mambo ya watoto panapowezekana, ingawa hafungwi nao. Mtoto ni wa kiume, anatimiza miaka saba mwezi wa tano. Baba ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi rangi. Mama ni Mluguru wa hapa hapa, anauza vitenge sokoni. Mama anasema alipigwa. Baba anasema amenyimwa mtoto tangu Novemba.

Baba alifika ofisini kabla sijamwita. "Mama, mwezi wa tano anafika saba. Akifika saba ni wangu, sheria imesema."

Wanaume wengi wanaingia hapa na neno hilo, na inaniuma kwamba hakuna aliyewaeleza mapema. Kifungu cha 125 kinasema inadhaniwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi hata mtoto akiwa na miaka miwili. Akifika saba dhana inaondoka, basi. Hakabidhiwi mtu. Hakimu anaangalia kwanza maslahi ya mtoto, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kusema lake, na mila za jamii yao. Kifungu hicho hicho kinaonya juu ya kumhamishahamisha mtoto. Baba na mkewe walifunga ndoa ya Kiislamu, kwa hiyo alinitajia na dini. Nikamkumbusha kuwa hata kwa madhehebu ya Shafii mtoto akifikia umri wa kupambanua hupewa nafasi ya kuchagua.

Alinyamaza, akauliza, "Sasa mimi nisubiri nini?"

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Kichangani, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Mjomba mtu alikuwa ameshafika ananisubiri, na yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Kwetu mtoto ni wa tumbo la mama, mwanangu. Huyu bwana alikuja kuoa."

Ni kweli kwamba kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya wapwa zake. Ni kweli pia kwamba kwa Wanyamwezi mahari ikitimia mtoto ni wa upande wa baba, na mahari ilitimia, mjomba mwenyewe hakatai. Sheria inasema mila ziangaliwe. Haisemi ni za nani wazazi wakiwa na mila mbili. Nikiegemea mila peke yake nitakuwa nimempa hakimu ugomvi wa koo mbili wala si taarifa ya mtoto.

Mama alinionyesha PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ya mwaka jana: uvimbe jichoni, michubuko mkononi. Kesi haikufika popote. Ndugu walikaa kikao, ukaombwa msamaha, yakaisha. Kisha Novemba baba alikuja usiku kumtaka mtoto, hakufunguliwa, akasukuma mlango mpaka kitasa kikang'oka. Matundu ya skrubu bado yapo kwenye mbao. Komeo jipya limefungwa juu kabisa, karibu na kizingiti. Nilimwuliza mama kwa nini juu hivyo. Akasema mtoto akisikia sauti ya baba yake hukimbia kumfungulia.

Nimekaa na jibu hilo mpaka sasa hivi ninapoandika.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba cha baba, Mafiga. Safi, kitanda kimoja, ndoo za rangi zimepangwa ukutani. Kwenye kona kuna viatu vya shule vyeusi ambavyo havijakanyaga ardhi. Alivinunua kabla shule hazijafunguliwa Januari, hakuwa na wa kumvalisha. Amenionyesha kwenye simu fedha anazotuma, 50,000 kila mwezi, hata baada ya Novemba. Sheria inamtwika baba matunzo ya mtoto, awe anakaa naye au hakai naye, na huyu hajakwepa. Nimeshika mafaili ya akina baba wanaodai mtoto kwa sauti kubwa huku hawajawahi kununua hata daftari. Huyu si mmoja wao, na ni haki yake liandikwe.

Nilimwuliza juu ya kipigo. Alitazama chini. "Nilimpiga. Mtoto sijawahi kumgusa." Hakuna anayesema alimgusa. Lakini kifungu cha 66 kiko wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na mtoto alikuwa ndani ya nyumba usiku ule mlango uliposukumwa. Nilimwambia hayo yote yataingia kwenye taarifa, viatu na kitasa.

Jumapili, 9 Machi

Nimesoma kifungu cha 140 tena. Kinaipa mahakama uwezo wa kumkataza mtu asimlazimishe mwenzi wake, au aliyekuwa mwenzi wake, kuwa naye, na asimsumbue kwa namna nyingine. Shida ni kwamba uwezo huo upo shauri la ndoa likiwa mahakamani, au ndoa ikishabatilishwa, watu wakishatenganishwa au wakishapewa talaka. Mwanamke anayepigwa leo na hajafungua shauri anaishia Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na huko wengi wanarudishwa nyumbani na kikao cha ndugu. Wenzetu Kenya wana sheria kamili ya ukatili wa majumbani tangu 2015. Mahakama yao inaweza kutoa amri ya muda bila kumsubiri anayelalamikiwa, naye akapewa nafasi ya kusikilizwa baadaye. Sisi Bara hatuna sheria ya namna hiyo. Ninaitaka, kwa ajili ya akina mama, na pia kwa ajili ya baba kama huyu, maana amri iliyoandikwa ingemwonyesha mapema mlango wa halali wa kumwona mwanawe, asiende kusukuma ule wa mbao.

Jumatano, 12 Machi

Nimeongea na mtoto shuleni, mwalimu wake akiwa karibu. Tulianza na mpira, tukaja kwa bibi, tukaja kwa baba. Nikamwuliza kama angependa kumwona.

"Ndiyo."

"Huogopi?"

"Akija usiku naogopa. Akija mchana siogopi."

Sikumwuliza zaidi. Mtoto wa umri huo ukimrudiarudia swali anaanza kukupa jibu analodhani unalitaka.

Jumatatu, 17 Machi

Taarifa imekamilika. Mahali pagumu palikuwa aya ya mwisho. Amri nyingi ninazozikuta kwenye mafaili zinasema baba aruhusiwe kumwona mtoto "kwa nyakati zinazofaa". Nani aseme zinafaa? Baba anaona Ijumaa usiku inafaa, mama anaona haifai hata siku moja, na mlangoni hakuna hakimu. Vurugu nyingi ninazozisuluhisha baada ya talaka zimezaliwa na maneno hayo.

Kwa hiyo nimependekeza hivi. Mtoto abaki kwa mama, shule ile ile. Baba akatazwe kufika nyumba ya Kichangani na kumfuata mama sokoni. Baba awe na mtoto kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na sikukuu ya pili ya kila Idi. Mama mdogo ampeleke mtoto na kumpokea kituo cha daladala, wazazi wasikutane. Ujumbe wa simu uwe wa habari za mtoto tu. Mama akizuia Jumamosi bila sababu, baba arudi mahakamani. Baba akifika nyumbani, mama naye arudi mahakamani.

Mjomba alipopata habari alinipigia simu, ameudhika. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikubadilisha neno.

Alhamisi, 27 Machi

Amri imesomwa leo asubuhi. Hakimu amechukua karibu yote. Kituo cha daladala amekikataa, akasema mtoto akabidhiwe dukani kwa mjomba, mbele ya watu. Ni bora kuliko nilivyoandika mimi, na mjomba sasa ana kazi badala ya malalamiko. Matunzo yamebaki 50,000, ada kando. Kuhusu miaka saba, hakimu amemweleza baba mwenyewe kwamba mwezi wa tano hakitabadilika kitu, ila mzazi yeyote anaweza kuomba amri ipitiwe upya hali ikibadilika.

Baba hakufurahi. Alitaka mtoto alale kwake. Mama naye hakufurahi, alitaka asimwone kabisa mpaka mwakani. Nimewapa wote wawili nakala, nikawasomea saa na mahali, mstari kwa mstari, kila mmoja peke yake. Jumamosi ya kwanza ni keshokutwa. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa.