Safari ya Mombasa na mwili usiosema

Msomaji, hebu jaribu kuketi kwa dakika ishirini bila kujisogeza hata kidogo. Huwezi. Kabla ya dakika tano kwisha utakuwa umeegemea upande mmoja au umenyoosha mguu, na pengine hata hutajua umefanya hivyo. Mwili ndio unaokuamrisha: sogea, hapa panaumia. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, sehemu ya chini ya mwili haitoi amri hiyo. Imenyamaza.

Binamu yangu ni mmoja wa watu hao. Aliumia sehemu ya juu ya kifua katika ajali ya barabarani, na tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Mikono yake ina nguvu, na mdomo una nguvu zaidi. Mwaka jana alikwenda Mombasa kwa basi la usiku kumtembelea rafiki yake wa tangu shuleni. Alirudi akitabasamu. Siku ya pili mama yake aliona doa jeusi kwenye tako lake. Doa likawa kidonda, kidonda kikala nyama, na kijana akalala kifudifudi miezi minne.

Basi mwaka huu, kadi ya harusi ya rafiki huyo ilipofika kutoka Likoni, shangazi alikataa katakata.

"Huyu nimemuuguza mara mbili," aliniambia. "Nguvu za mara ya tatu sina."

"Basi nifungie ndani mama, mpaka nizeeke," akajibu binamu yangu.

Shangazi alinigeukia mimi. Hivyo ndivyo nilivyojikuta mdhamini wa safari.

Mto ulionywea

Jambo la kwanza tulilofanya ni kumwendea muuguzi anayemjua. Alituuliza swali moja tu: mto wa hewa anaokalia ulijazwa wapi? Nairobi, tukajibu. Akatikisa kichwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Unapoteremka Pwani, uzito wa hewa ya nje huongezeka na kuubana mto, nao hunywea bila kutoboka. Mwaka jana, kufikia alfajiri, huenda mifupa ya binamu yangu ilikuwa imegusa kiti, na hakusikia lolote.

Tukafunzwa kupima. Unatelezesha mkono chini ya mfupa wa tako na kuhakikisha kuwa bado pana nafasi ya sentimita moja au mbili kabla ya mfupa kugusa kiti. Pampu ndogo ikatangulia kuingia mkobani, kabla hata ya suti ya harusi.

Saa mkononi

Safari hii tulichagua treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Siku moja kabla, nilikwenda mwenyewe kituoni Syokimau kuuliza tutasaidiwaje kupanda, na behewa letu litasimama wapi. Usingoje kuuliza filimbi ikishalia. Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, kwa hiyo uliza bila kuona haya.

Ikiwa lazima abebwe, asivutwe kwa mikono. Mmoja asimame nyuma na kumshika chini ya makwapa, mwingine amshike chini ya magoti, kisha wahesabu pamoja. Breki za kiti zifungwe kwanza. Kwenye matatu, asikalishwe karibu na injini, kwa maana miguu isiyohisi inaweza kuungua huku mwenyewe akipiga soga.

Ndani ya treni aliukalia mto wake mwenyewe. Kila nusu saa saa yangu ililia, naye akainama mbele mpaka kifua kikakaribia mapaja, kwa dakika mbili hivi. Abiria wa mbele yetu alidhani anasali.

Jasho usoni

Tulipopita Mtito Andei, mzaha uliisha. Kichwa kilianza kumgonga kama ngoma na uso ukamtiririka jasho.

"Dada, mpira," alisema.

Watu walioumia shingoni au juu ya kifua wanaijua hatari hii. Kitu kinapousumbua mwili chini ya jeraha, mara nyingi kibofu kilichojaa, shinikizo la damu hupanda ghafla na linaweza kupasua mshipa wa ubongo. Tulimkalisha wima, tukalegeza mkanda na viatu, kisha tukafuata mpira wa mkojo kwa vidole. Ulikuwa umejikunja chini ya paja. Tulipounyosha mkojo ulishuka, na baada ya dakika chache maumivu yakaondoka. Yasingeondoka upesi, ingebidi tuombe msaada na kutafuta hospitali.

Usimnyime maji ili "asisumbue njiani". Mkojo mzito huleta maambukizi. Mpe maji, na umwage mfuko kabla haujajaa.

Jua la Pwani

Miritini tulipima mto na, kweli, ulikuwa umenywea. Pampu ikafanya kazi yake.

Joto nalo lina mitego yake. Chini ya jeraha mwili hautoi jasho la kuupoza, kwa hiyo tulikaa kivulini na kumpangusa kwa kitambaa chenye maji. Kwenye mteremko wa feri ya Likoni tulishuka kinyumenyume, mimi nikiwa nyuma ya kiti, asije akaporomoka kifudifudi. Harusini alicheza kwa mikono mpaka bwana harusi akalalamika kwamba anaibiwa sherehe.

Kila usiku tulitumia kioo kukagua ngozi. Kwenye ngozi yetu nyeusi doa huenda lisiwe jekundu. Huwa jeusi zaidi, la moto au gumu. Ukiliona, pasikaliwe hapo mpaka litoweke, na lisipotoweka nenda zahanati.

Tuliporudi Nairobi, shangazi hakutusalimu. Alimlaza mwanawe kitandani, akakagua kwa macho na kwa kiganja, polepole. Kisha akavuta shuka.

"Haya," alisema. "Bibi harusi alikuwa mzuri?"

Safari njema, msomaji. Usisahau pampu.