Hatari Iliyoshuka Kutoka Nguzoni

Nilipokuwa mtoto Muheza, transfoma ya mtaani kwetu ilikaa juu ya nguzo mbili, ng'ambo ya uwanja wa mpira, ikinguruma usiku na mchana. Umeme wa Tanga ulitoka mto Pangani, pamoja na mitambo ya Hale iliyoanza kazi mwaka 1964, lakini sisi watoto tulijua tu kwamba unatoka kwenye lile dude. Hakuna aliyelisogelea. Kibati cha HATARI chenye fuvu kilitosha. Hatari ile ilikuwa ya mafundi, na baba mdogo alikuwa mmoja wao.

Yeye ndiye aliyetufundisha. Laini za juu hupitisha volti 11,000 au 33,000. Transfoma huzishusha hadi 400 kati ya fezi na fezi, na 230 kati ya fezi na nyutro, ndizo zinazoingia majumbani. Ndani yake nyaya zilizosukwa zimezama kwenye mafuta, ambayo hupoza mtambo na kuzuia umeme usiruke pasipotakiwa. Alituonya kwamba umeme mkubwa namna hiyo unaweza kumrukia mtu aliyesogea mno, hata kabla hajagusa kitu. Zaidi ya hapo alituonya kuhusu ardhi. Waya ukikatika ukalala chini, udongo unaouzunguka nao hubeba umeme, mkali karibu na waya na hafifu kadiri unavyokwenda mbali. Anayetembea kwa hatua ndefu, mguu wake mmoja unakuwa kwenye umeme mkali kuliko mwingine, na tofauti hiyo hupita mwilini mwake. Ng'ombe, ambaye miguu ya mbele na ya nyuma imeachana sana, hufa upesi zaidi.

"Ukijikuta hapo, mwanangu, usikimbie," alisema. "Kutanisha miguu, buruta nyayo kidogo kidogo mpaka uwe mbali."

Mashine zenyewe ni zilezile. Uoga ndio uliopungua, na kwanza ulipungua kwa sababu ya mafuta. Watu waligundua kuwa mafuta ya transfoma ni maangavu na hayaharibiki upesi motoni, na soko likapatikana: wengine wakayachanganya na dizeli, wengine wakayapaka kwenye vidonda, na nilipohamia Dar es Salaam nikakuta watu wananong'ona kuhusu vibanda vya chipsi. Mwizi anayeyachota usiku huenda asife. Lakini mafuta yakipungua, nyaya za ndani huchemka, kinga yake huungua, shoti hutokea, gesi hujaa, na pipa zima la chuma linaweza kupasuka na kumwaga moto juu ya waliojibanza chini yake.

Anayekula chipsi zilizokaangwa kwa mafuta hayo naye hajapona. Transfoma za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, baadhi zina kemikali ziitwazo PCB, ambazo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2013 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Huwezi kuzitambua kwa macho. Lazima mafuta yapimwe. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania imeuridhia, uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kutumia mitambo yenye sumu hiyo. Mimi siwezi kumwita mjanja mtu anayewakaangia watoto wa watu mafuta hayo. Ni muuaji wa polepole.

Baada ya mafuta ikaja shaba. Waya wa ethi ulioteremka nguzoni ukaanza kukatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Waya wa nyutro nao ukikatwa, nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupata karibu 400: taa zinapasuka, friji zinaungua, mwenye nyumba analaumu umeme.

Kisha ukame wa mwaka 2006 ukaleta mgao mkali, na jenereta zikajaa mitaani. Hapa ndipo baba mdogo, akiwa mzee sasa, alipopandisha sauti, kwa kuwa transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Jenereta iliyochomekwa tu kwenye soketi ya ukutani hurudisha volti 230 nje, hadi kwenye transfoma, nayo huzipandisha tena kuwa 11,000 au 33,000. Huko juu yuko fundi anayeamini laini imezimwa. Ndiyo maana mafundi makini hupima kwanza, kisha huziunga nyaya zote na ardhi kabla ya kuzishika. Lakini uhai wa mtu haufai kutegemea umakini wake peke yake.

Ndugu msomaji, kama una jenereta nyumbani, mwite fundi mwenye leseni akufungie chenjiova, swichi inayokata laini ya nje kabla jenereta haijaingia. Na kama transfoma ya mtaani kwako inavuja mafuta au waya wake wa ethi umekatwa, waondoe wauza nyanya walio chini yake, kisha lipigie simu shirika la umeme leo.