Ushuhuda usio na majina

Kwenye jumuiya yetu hapa Maili Moja, anayesimama kushuhudia hutaja kila kitu: ugonjwa, shemeji aliyemgeuka, hata kiasi cha deni. Watu wanapenda majina, ndiyo utamu wenyewe. Mimi nimekaa kimya miaka mingi kwa sababu majina niliyonayo ni mali ya mteja. Wakili haruhusiwi kutoa siri aliyopewa na mteja bila ridhaa yake, na katazo hilo halikomi hata mkishaachana. Kwa hiyo anayesoma ili ajue ni kampuni gani na kijiji kipi, asijisumbue.

Nilikuwa wakili wa makampuni, ofisi ikiwa Posta, Dar es Salaam. Natoka nyumbani giza halijaisha, daladala hadi Kimara, mwendokasi hadi mjini. Mmoja wa wateja wetu alikuwa amepewa ardhi ya uwekezaji upande wa Kisarawe. Wenye mikorosho na mashamba ya mihogo walithaminiwa, wakajaziwa fomu, wakapigwa picha wameshika vibao vya namba. Baadhi walilipwa. Wengine walilipwa nusu, na wengine wakaambiwa jalada bado linashughulikiwa. Waliochoka kusubiri wakaishtaki kampuni pamoja na halmashauri.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuhakikisha kesi haifiki kwenye swali la fidia. Hilo hufanywa kwa pingamizi la awali, na mimi nilikuwa hodari wa mapingamizi. Kwanza, hawakutoa notisi ya siku 90 ambayo sheria inamtaka anayeishtaki Serikali aitoe. Kesi ikaondolewa. Wakarudi na notisi. Safari hii wachache walikuwa wameshtaki kwa niaba ya wenzao bila kuomba kibali cha mahakama cha kuwawakilisha. Ikaondolewa tena, na gharama wakaamriwa walipe wao. Jioni ile wenzangu walininunulia nyama choma.

Hapo hapakuwa na rushwa, wala hati ya kughushi. Mtu aliyeiba ana cha kutubu, anakitaja, anakirudisha. Mimi nilikuwa na hukumu mbili za mahakama zinazosema nimefanya vizuri. Ungeniuliza kosa ni lipi, nisingekuwa na kifungu cha kukuonyesha.

Kifungu kilikuwepo, lakini kilinihukumu kwa namna nyingine. Ibara ya 107A ya Katiba yetu inaiagiza mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi, itoe fidia ipasavyo kwa walioathirika kwa makosa ya wengine, na isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Yote matatu yako kwenye ibara moja. Mwaka 2018 Bunge likaongeza mkazo kwa kurekebisha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ili mahakama zitazame haki kabla ya ufundi. Ibara hiyo niliijua kwa moyo, kwa sababu upande wa pili waliinukuu mbele yangu nami nikaijibu, tena nikashinda.

Kilichonivunja kilitokea nilipokwenda kuliona eneo kwa ajili ya kesi ya tatu. Nilisimama kivulini nikisubiri gari la kampuni. Bibi mmoja akanijia, ameshika mfuko wa nailoni wenye karatasi zilizokunjwa hadi mikunjo inachanika.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hizi zinasemaje?"

Nilizitambua kwa mbali. Moja ilikuwa fomu yake ya uthamini. Nyingine ilikuwa amri ya gharama, ile niliyoiomba mimi. Maadili yetu hayaniruhusu kumshauri mtu wa upande wa pili, na ni maadili mazuri, yanamlinda huyo huyo bibi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Muulize wakili wenu."

"Marahaba. Wakili wetu yupi? Yule tulishindwa kumlipa."

Gari likaja. Aliniaga kwa heshima kabisa, akinitakia safari njema.

Usingizi ukakatika. Mume wangu alidhani nina matatizo ya fedha, na kumwambia sikuweza, maana kumweleza kinachoniuma kungekuwa kumtajia mteja. Presha ikapanda. Daktari wa Tumbi akaniuliza kama nina mawazo, nikamjibu ni foleni ya Morogoro Road. Mchungaji akaniombea bila kujua anaombea nini. Huo ndio ugumu ambao sikuwahi kuusikia kwenye ushuhuda wa mtu: kuumwa na jambo ambalo kiapo cha kazi kinakuzuia kulisema.

Aliyenifungua ni wakili mzee, mstaafu, ambaye zamani nilifanya mazoezi ya uwakili ofisini kwake. Nilimwendea nikamwambia nina mzigo lakini siwezi kuueleza. Akacheka. "Mteja anamiliki alichokwambia. Usingizi wako hajaununua. Lia, ila usitaje jina." Nikalia bila kutaja jina. Inachekesha sasa.

Aliongeza jambo ambalo tulibishana hadi chai ikapoa. Alisema kila mtu anastahili wakili, hata kampuni, na mahakama isiyo na mtetezi upande mmoja ni mkutano wa hadhara tu. Nakubali. Ila kanuni hiyo ilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja anayekabili dola yenye polisi na magereza. Ukiichukua ukamvika mwenye mtaji anayekabili bibi mwenye mfuko wa nailoni, imegeuzwa ndani nje. Kumtetea mteja ni wajibu. Kuchagua silaha kunabaki kwangu, na mimi kila mara nilichukua ile ya kuwachosha.

Nikaanza kusoma majalada ya watu wengine. Hapo hapo Kisarawe, kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 kwa miaka 99 ili ilime mibono ya mafuta. Kufikia 2011 mradi ulikuwa umeanguka na wafanyakazi wengi wamepunguzwa. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kwa mwekezaji huacha kuwa ya kijiji, na mradi ukifa hairudi yenyewe. Mombasa nako, wakazi wa Owino Uhuru waliopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri walishinda shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, wakapokonywa fidia hiyo kwenye rufaa mwaka 2023, wakarudishiwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Huwa nawaza ni nani aliandika hoja za ile rufaa, na kama alilala.

Sikujiuzulu kwa kishindo. Niliandika waraka wa kumshauri mteja, wa hesabu tupu: ada zetu, riba inayodaiwa fidia inapocheleweshwa, miaka iliyobaki mahakamani. Kuhusu dhamiri sikuandika hata mstari. Waraka ulikaa mezani kwao hadi benki iliyotaka kuwakopesha ilipouliza habari za kesi ile. Ndipo wakalipa, si wote na si yote, kwa makubaliano nje ya mahakama. Ningependa kusema ni toba iliyofanya kazi, lakini ni benki.

Baadaye niliondoka na kufungua ofisi ndogo hapa Maili Moja: mirathi, mipaka ya viwanja, talaka. Kipato kimepungua, na watoto wamehama shule. Siku nyingine nakaa na wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua, tunawasomea watu karatasi zao. Wale wa kijiji kile siwezi kuwasaidia. Nilishakuwa upande wa pili kwenye jambo lilelile, na nikiwawakilisha nitakuwa nimemsaliti mteja wa zamani. Ninaodaiwa nao ndio ninaozuiwa kuwalipa. Wala sijawahi kwenda kuwaomba msamaha. Ningeenda kutafuta nafuu yangu kwa watu ambao bado wanadai yao.

Makampuni bado nayapokea. Hivi karibuni alikuja bwana mmoja wa machimbo ya mchanga, ana mgogoro na majirani. Nikamwomba kwanza orodha ya fidia: nani amelipwa, nani bado. Akasema hilo si suala lililomleta. Nikamwambia kwangu ndilo la kwanza. Akakunja jalada lake, akaniaga vizuri, akaondoka. Nina hakika alikuwa amepata wakili mwingine kabla hajavuka Kiluvya.