Mahari Yake, Namba Yake ya Siri



Najua wengi mnanisubiri nimalizie habari ya lesi na shela za Mfunguo Mosi. Nitaimaliza, inshaAllah. Leo niacheni niseme jambo la simu, na msinikimbie, maana linahusu mahari.

Nina mteja, biharusi mtarajiwa, haoni tangu utotoni. Kwenye kuchagua kitambaa hanisumbui hata kidogo; wanaonisumbua ni nyinyi wenye macho. Yeye hukishika kwa vidole viwili, akakikunja, akakisugua shavuni, kisha akaniambia, "Dada, satini hii itanitoa jasho." Na kweli. Simu yake ni Android ya kawaida, anaiendesha kwa TalkBack, ile programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo. Anapitisha kidole, simu inatamka. Akigonga mara mbili, kinafunguka. Ananizidi haraka, wallahi.

Sasa mchumba wake akamtumia sehemu ya mahari kwa simu. Anataka kuangalia salio. Anapiga ile namba ya huduma, orodha inatokea, sauti inaanza kusoma: moja, kutuma pesa; mbili, kutoa pesa... Kabla haijafika anapopataka yeye, muda umekwisha na orodha imejifunga. Anaanza tena. Inajifunga tena. Mwisho anampa kaka yake simu, pamoja na namba ya siri.

Kaka yake ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini nani kati yetu hajui kuwa mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, si ya baba wala ya kaka? Tunaisikia kila nikah. Na huyu mwenye haki yake anajua salio lake kwa kuambiwa. Nilipoanza kusema "maskini", alinikata: "Dada, mimi sitaki huruma. Nataka sekunde ishirini zaidi."

Neno hilo lilinikaa. Mimi ni fundi. Nguo siikati kabla sijampima atakayeivaa, hata awe amenitumia vipimo kwa ujumbe kutoka Dubai. Lakini wanaotengeneza simu na programu wengi hupima kwa macho yao wenyewe, kisha wakamkabidhi asiyeona, wakishangaa kuwa inambana.

Tazameni vitu vilivyomkaa vizuri asiyeona, mtakuta mara nyingi mwenyewe alikuwemo kwenye kukata. Louis Braille wa Ufaransa alikuwa mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea chuma cha kutobolea ngozi karakanani kwa baba yake, kikamjeruhi jicho, ugonjwa ukahamia na la pili. (Wenye watoto, mikasi na sindano juu kabatini, tafadhali.) Shuleni kwao Paris walisomeshwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi, kubwa kubwa, polepole, na kuandika hawawezi. Akaja mtu anayeona, Charles Barbier, na maandishi yake ya vitone, hadi 12 kwa alama moja, vingi mno kwa ncha ya kidole. Kijana akavipunguza hadi sita. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi yake ilikuwa imeshasimama. Shule yenyewe iliikubali rasmi mwaka 1854, yeye amekwishafariki miaka miwili nyuma. Wanafunzi ndio waliokataa kuiacha.

Na wa zama zetu wapo. Programu za kusomea kompyuta zilikuwa zikiuzwa kwa bei inayokaribia dola 1,000. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, akaanza kuandika ya kwake, NVDA, akaungana na mwenzake James Teh, naye haoni. Mpaka leo inatolewa bure. Kule Marekani, Shirikisho la Taifa la Wasioona liliibana Apple kuhusu iTunes pamoja na mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts, na mwaka 2008 kampuni ikakubali kuirekebisha. Hawakuomba sadaka. Walidai kama wateja wanaodai.

Tatizo letu sisi ni kuwa hatudai kwa Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ipo. Hata eSpeak NG, inayokuja na NVDA, inayo. Inatamka kama roboti aliyekabwa koo, lakini maneno unayapata. Ila mteja wangu aliwahi kuipiga picha kanga aliyopewa zawadi ili ajue jina lake, na programu ikamsomea lile jina kwa matamshi ya Mzungu aliyeshuka ndege jana. Kanga, jamani! Mtu anaweza kuvaa fumbo la kumtukana mama mkwe na asijue. Kwenye programu nyingi za kununulia vitu nako ni "kitufe, kitufe, kitufe", hakuna aliyekipa jina. Kuandika "lipa" kwenye kitufe kunamgharimu nini mtengenezaji?

Mnakumbuka Abdullah ibn Umm Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa. Hakuja kuomba chakula. Alikuja kutaka afundishwe, na baadaye akawa muadhini wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Mimi huliwaza hilo kila ninaposikia dukani mtu akimwita biharusi wangu "maskini ya Mungu" na yeye amesimama pale pale, masikio yake mazima.

Basi tumeandika. Barua kwa kampuni ya simu na nyingine kwa watengenezaji wa ile programu, kwa Kiswahili: aina ya simu, siku, namba iliyopigwa, mahali orodha ilipojifunga, na tunachotaka. Ukitaka kuandika na wewe, kwanza ijaribu TalkBack, ipo kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Jifunze kuizima kabla ya kuiwasha, nisije nikalaumiwa. Funga macho, jaribu kuangalia salio lako, kisha waandikie lililokukuta.

Jibu la kwanza limeshakuja, la adabu sana: wanamshauri mteja asaidiwe na ndugu wa karibu. Ameandika la pili, safari hii peke yake, kwa kuitamkia simu, mimi nikaweka nukta tu. Ameomba watu wanaopanga huduma ile wakutane naye, awaonyeshe kwa simu yake mwenyewe. Nikah ni baada ya miezi miwili, na sehemu ya mahari iliyobaki itakuja kwa njia hiyo hiyo.