Mwiko wa Wanyama Wote

Nyumbani Moshi, asiyekula nyama hafi njaa. Kuna kiburu cha ndizi na maharage, kuna mnafu, kuna parachichi. Kinachonitia majaribuni ni kazi yangu ya kuonja kahawa, maana inanipeleka kwa wakulima, na mkulima akipata mgeni humchinjia. Kwa hiyo nilipoambiwa niende Mbale kwenye kahawa ya Bugisu, niliwaza chakula kabla ya pasipoti. Uganda sikuwahi kufika.

Basi la kutoka Kampala lilipopunguza mwendo pale Namawojjolo, madirisha yalijaa mikono: mishikaki ya ng'ombe, mapaja ya kuku kwenye vijiti, soda, maji. Abiria wenzangu walinunua wakiwa wamekaa vitini. Mimi nilichukua gonja, ile ndizi tamu ya kuchoma, ikiwa bado na moto wa jiko, nikafika Jinja nimeshiba.

Jinja ilinipokea kwa upole nisioutarajia, na shukrani ziwaendee Wahindi. Barabara kuu imepangwa majengo yao ya zamani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 kuondoka nchini. Baadhi walirudi miaka ya tisini, na mahekalu yao yapo. Jioni nilikula dengu na chapati katika mkahawa wao, bila mtu kuniuliza kwa nini. Kesho yake, kwenye chanzo cha Nile, nikakuta sanamu ya Gandhi. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapo mwaka 1948, na sanamu ikazinduliwa mwaka 1997 na Inder Kumar Gujral, waziri mkuu wa India wa wakati huo. Watalii hupiga picha na kuondoka. Mimi nilikaa, kwa sababu moja tu: alipokuwa mwanafunzi wa sheria London, mtu huyu alitembea maili nyingi kila siku akitafuta mkahawa usiouza nyama. Alikuwa msafiri mwenzangu.

Lakini sikwenda Uganda kula dengu. Mchana nikaingia hoteli ndogo jirani na soko. Pale sahani moja hubeba vyakula vyote: matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, viazi vitamu, wali, muhogo, kipande cha boga. Unachochagua hasa ni sosi, na bei hufuata sosi: kuku juu, maharage na njugu chini. Nikaagiza njugu, ule mchuzi mzito wa karanga wenye rangi ya waridi. Nikauliza kama umewekwa nyama.

“Hakuna nyama, nnyabo,” akasema mpishi. “Ni mukene tu.”

Mukene ni dagaa wa ziwa Victoria, na kwa mpishi wa mji ulio ukingoni mwa ziwa hilo, dagaa ni kiungo. Tangu hapo nimeacha kuuliza kuhusu nyama. Nauliza sufuria ina nini, kitu kimojakimoja, na ikiwezekana naomba kifuniko kifunuliwe.

Yakaja maswali ya kawaida: Wewe Msabato? Daktari amekukataza? Kila sehemu ninayopita nakuta sababu mbili zinazokubalika, dini na maradhi. Ya tatu, umaskini, watu huifikiria bila kuitamka. Safari hii mzee aliyekuwa akila meza ya jirani aliniletea ya nne. Yeye, alisema, ni wa ukoo wa Baisengobi, na muziro wao ni mbawala. Hawali mbawala, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama anaumwa. Kwa Wasoga kila ukoo una mwiko wake wa namna hiyo. “Sema una muziro,” akanishauri. Nikamwambia wangu ni wanyama wote. Hoteli nzima ikacheka, mtu akauliza ukoo mkubwa hivyo unaishi wapi, lakini hakuna aliyebishana. Nikaletewa maharage na dodo, mchicha wao, na ulikuwa mlo bora kuliko wa mkahawa wa jioni ile.

Njiani kwenda Mbale na dereva wangu: Iganga, Namutumba, Tirinyi, mashamba ya mpunga kwenye mabonde ya maji, kisha majabali ya Wanale yakasimama juu ya mji. Huku Kiswahili kinapita kirahisi zaidi; Kenya iko karibu.

Mwenyeji wangu, mama mwenye miti ya kahawa mlimani, alinipokea kwa “mulembe” huku jogoo amekwisha kufungwa mguu mlangoni. Nikatoa muziro wangu. Hakucheka. Alihuzunika. Mboga za majani, alisema, ni chakula cha siku ambayo hakuna kitu. Mgeni aliyetoka Tanzania atakwendaje kuwaambia kwao kwamba Mbale alilishwa majani? Sioni kama alikuwa amekosea. Sisi tunaokataa nyama kwa hiari tunasahau kwamba kwa wengi kutokula nyama si hiari, na sahani tunayoisifu ni ileile wanayoionea aibu.

Malewa ndiyo yaliyotupatanisha. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, hukaushwa kwa moshi ili yadumu, na huuzwa sokoni yamefungwa mafungu. Aliyaloweka, akayachemsha mpaka yakalainika, kisha akayapika katika karanga zilizosagwa. Niliruhusiwa kukaa jikoni, nikaona kila kilichoingia sufuriani. Moshi ule haukutoka. Ulibaki ndani ya karanga, ukaupa mchuzi uzito ambao wengine huutafuta kwa nyama ya kukausha. Na hiki si chakula cha shida: Wagisu hujivunia malewa, na mama alipoona nimeongeza mara ya pili uso ulimkunjuka.

Akajaribu tena, na bakuli la kumbikumbi wa kukaanga. “Hawa si nyama, mayi. Hawana hata damu.” Nikasema muziro wangu unawahusu na wenye mabawa. Akawala mwenyewe.

Jogoo alichinjwa vilevile. Dereva wangu hakuwa na muziro wowote.