Mjomba, Kabla Hujaagiza Jakuzi



Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kazini, nimekalia ndoo ya klorini, jambo ambalo msimamizi wangu halipendi hata kidogo. Nimefurahi kusikia kwamba mvua imeanza vizuri huko Soy, kwamba mahindi ya upande wa Kipsomba yamefika magotini, na kwamba zile nyumba za wageni ulizojenga kando ya barabara ya Kitale sasa zina stima, vitanda na hata mtu wa kuchoma nyama. Kilichonichekesha ni swali lako la mwisho: jakuzi moja ni pesa ngapi huku Amerika, na je, inaweza kuingia kwenye kontena moja na trekta ya rafiki yako?

Bei nitakutumia kwa simu. Barua hii ni ya yale ambayo muuzaji hatakuambia, kwa sababu akishakukabidhi mzigo yeye amemaliza.

Hoteli ninayofanyia kazi iko kaskazini mwa Minnesota, kando ya Lake Superior, ziwa ambalo kati ya maziwa yasiyo na chumvi ndilo pekee linalolipita Ziwa Victoria kwa eneo. Januari baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Hapo ndipo wenyeji huvaa nguo za kuogelea na kofia za sufu, wakakimbia pekupeku juu ya theluji hadi kwenye jakuzi iliyo nje. Mvuke unapanda, nywele zinaganda barafu kichwani, nao wanacheka. Ungewaona ungedhani wametumwa na kanisa kutubu. Mimi si bawabu wala mpishi wa hoteli hiyo. Mimi ndiye mtu wa maji. Nina chupa za kupimia, nina daftari, na daftari lile mkaguzi wa afya akija ndilo analolitaka kabla ya salamu.

Chombo chenyewe kilibuniwa na wahamiaji, na hilo hunipa raha kidogo. Ndugu saba wa ukoo wa Jacuzzi walitoka Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, na mwaka 1915 wakafungua kampuni yao Berkeley, California. Walitengeneza rafadha za ndege, kisha pampu za kuvuta maji ya visima mashambani. Mmoja wao, Candido, alikuwa na mtoto aliyeugua baridi yabisi, hivyo familia ikaunda pampu ndogo ya kutumbukiza kwenye bafu ili maji yamkande viungo. Mwaka 1956 wakaanza kuiuza kwa watu wengine, na mwaka 1968 Roy Jacuzzi akatoa beseni lenye pampu na mabomba yake ndani kwa ndani. Mabomba hayo ya ndani ndiyo yananiumiza kichwa mimi leo, kwa maana huwezi kuyafikia kwa brashi.

Sasa fikiria hesabu. Jakuzi ya galoni 600 za hapa ni kama lita 2,270, chini ya robo ya tangi lako la lita 10,000. Ndani yake wanaingia watu wazima sita, maji yakiwa na joto la nyuzi 40, ambalo ndilo kikomo. Juu ya hapo mwili unaweza kuzidiwa. Wote wanatoka jasho ingawa hawajui, maana limo majini. Kila mmoja ameleta mafuta ya ngozi, losheni, manukato na sabuni iliyobaki kwenye nguo. Uchafu wa watu hao sita ndani ya bwawa la kuogelea lenye mamia ya maelfu ya lita usingeuona. Humu ni supu. Na joto lile lile linalowalegeza wageni ndilo linaloimaliza klorini haraka na kuwanenepesha bakteria.

Yuko mmoja anaitwa Pseudomonas. Huyo humtoa mgeni vipele vyekundu vinavyowasha, vingi zaidi mahali nguo ya kuogelea ilipobana. Huyo ni msumbufu tu. Wa kuogopwa ni Legionella, aliyejulikana baada ya kuwaua watu waliohudhuria mkutano wa chama cha maveterani, American Legion, mjini Philadelphia mwaka 1976. Yeye hana haja ya ngozi yako. Hupanda na matone madogo ya mvuke hadi mapafuni.

Kisa kilichonifanya niiheshimu kazi hii kilitokea Bovenkarspel, Uholanzi, mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua. Maua, Mjomba, biashara ile ile inayoondoa waridi zetu kwa ndege usiku. Wauzaji walikuwa wameweka jakuzi ukumbini, zikitoa povu ili wateja wazione. Hazikuwa za kuoga. Watu walipita kando yake, wakasimama, wakauliza bei labda kama unavyoniuliza wewe, wakaenda zao nyumbani. Zaidi ya 300 waliugua, na wasiopungua 30 walifariki. Mwaka 2019 tukio la namna hiyo likatokea North Carolina kwenye maonyesho ya kilimo, ya ng'ombe na mahindi kama yale ya Eldoret. Lawama zikaangukia jakuzi za kuonyeshwa tena. Maji ya mahali pote pawili yangekuwa ya kijani yangemfukuza mtu. Lakini maji yenye Legionella yanaweza kumeta.

Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia maji ni masafi kwa sababu anaona hadi chini. Nami siamini macho yangu. Naamini tone la dawa. Nachota maji mbali na tundu yanamotokea, kiasi cha kiwiko chini ya uso, nadondosha dawa, naangalia rangi: waridi ikikolea kuna klorini ya kutosha, ikififia hakuna. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataka klorini isipungue sehemu 3 kwa milioni kwenye jakuzi, au bromini isipungue 4, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8.

pH wewe unaijua kuliko wengi wanaolowa humu. Ulipoona mahindi yanadumaa licha ya DAP, si ndipo watu wa kilimo walipopima udongo wakakuambia miaka ya mbolea ile ile imelitia shamba asidi, umwage chokaa kwanza? Lori likaja na chokaa ya Koru, ukalalamika wiki nzima kuhusu gharama, kisha ukavuna. Kipimo ni kile kile: 7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake alkali. Shambani asidi ikizidi, mbolea uliyoilipia haiufikii mmea. Jakuzi nayo hukwama upande wa pili: alkali ikizidi, klorini imo lakini haina nguvu. Kwenye pH ya 7.5 karibu nusu yake iko katika umbo linaloua vijidudu. Ikifika 8 inabaki kama robo. Mtu anamwaga ndoo baada ya ndoo, akidhani amenunua dawa hafifu.

Na ona ujanja wa chombo hiki: hewa inayopulizwa kutengeneza povu huondoa kaboni dioksidi majini, na kaboni dioksidi ikitoka pH hupanda. Kile ambacho mgeni amekilipia ndicho kinachoniharibia vipimo. Kwa hiyo naanza na kitu cha tatu, ule uwezo wa maji kuizuia pH isirukeruke. Tunautaka kati ya sehemu 80 na 120 kwa milioni. Ukiwa chini naongeza soda ya kuokea, hii hii ya mandazi. pH yenyewe ikishuka sana naipandisha kwa magadi yaliyosafishwa, yaani bidhaa ya Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Tafadhali usimsomee Anti sehemu hii, asije akamwaga humo magadi yake ya kuchemshia mboga. Yale ni ghafi, yana udongo na chumvi nyingine. Nikishaweka sawa hayo mawili ndipo naigusa klorini.

Kuna jambo ambalo nabishana na wageni karibu kila Jumamosi. Wakisikia harufu kali wanasema, "Umezidisha klorini." La. Klorini iliyo huru haina harufu kali hivyo. Ile inayochoma macho imeshakamatana na jasho na mkojo, imechoka, na dawa yake ni kuongeza klorini nyingi kwa mpigo usiku, jakuzi ikiwa imefungwa, hadi mchanganyiko ule uvunjike. Neno mkojo silitaji mbele yao. Naelekeza tu mkono kwenye bango la kuoga kabla ya kuingia, wanalolipita wote.

Povu linalobaki baada ya pampu kuzimwa ni sabuni na mafuta. Kuna dawa ya kulificha, lakini mimi sipendi kuficha. Nachomoa chujio, nalipiga maji kwa mpira, nalilowesha kwenye dawa ya mafuta, na ninalo jingine kavu la kubadilisha. Maji nayo lazima yamwagwe, hata yawe yametibiwa vipi. Kanuni tuliyofundishwa ni kuhesabu galoni 3 kwa kila mwogaji: galoni 600 zikioga watu 20 kwa siku, zimekwisha baada ya siku 10. Kabla ya kuyamwaga nazungusha dawa ya kubandua utando mle kwenye mabomba, na kinachotoka, Mjomba, kingekunyima chakula cha jioni. Nikishayatoa nakagua kifuniko cha tundu la kunyonya maji. Mwaka 2002 msichana wa miaka 7, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alinaswa na tundu kama hilo ndani ya jakuzi akafa maji. Sheria ya vifuniko salama ya mwaka 2007 ina jina lake, Virginia Graeme Baker.

Sasa tuje Soy. Umesema utatumia maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Yanafaa kwa chai na kwa kufua, lakini hayana madini, kwa hiyo hayana kinga: pH yake huyumba kwa kitu kidogo, povu la sabuni hujaa upesi, na maji yenyewe hutafuna chuma cha kuchemshia. Maji ya Lake Superior nayo ni laini, ndiyo maana tunayaongezea kalisi. Kisima chako huenda kina tatizo la upande wa pili, chokaa kuganda kwenye mabomba, au chuma kinachogeuza maji kuwa ya kahawia klorini ikiyagusa. Yote hayo yana dawa, lakini lazima ujue unatibu nini.

Stima ni swali jingine. Ikikatika usiku mzima pampu husimama, maji hubaki ya uvuguvugu bila kuzunguka, klorini inakwisha. Asubuhi yatakuwa yanapendeza kama jana. Hapo hakuna kuingiza mtu hadi upime, hata kama ni mheshimiwa amekuja na msafara kutoka Eldoret.

Tena usiiweke klorini kwenye stoo ya mbolea. Nakuomba sana. Ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya kuua. Ikikutana na CAN au DAP, zenye amonia ndani, inaweza kulipuka. Iwe na chumba chake, kikavu, chenye hewa na kufuli. Na dawa huwekwa ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya dawa.

Kama ungeniuliza maoni yangu, ningeacha jakuzi za Amerika. Kijana wa jirani yetu aliyekwenda Finland kusoma pamoja na wanafunzi waliopelekwa na kaunti amenitumia picha za pipa kubwa la mbao lenye jiko la kuni ubavuni. Wafini hulijaza maji safi, wakawasha moto, wakaoga, wakamwaga siku ile ile. Halina mabomba ya kufuga utando wala povu la kupandisha pH. Soy usiku wa Julai ni baridi ya kutosha, kuni za mkaratusi unazo, na maji yasiyo na klorini yakishapoa unayaelekeza kwenye miti kule nyuma. Fundi wa Moi's Bridge anaweza kulitengeneza. Hesabu tu kama kisima kitahimili lita 1,500 kwa kila kundi la wageni. Nalo liwe la kundi moja, halafu lisuguliwe. Ukianza kuacha maji hadi kesho umerudi kwenye klorini na daftari.

Ikiwa bado unataka ya povu kwa sababu ya picha za mtandaoni, sitakukataza, ni pesa zako. Peleka maji ya kisima maabara kwanza, unitumie majibu yakiwa na pH, ugumu na chuma. Kisha kazi ya kupima mpe binti yako aliyesomea maabara pale Eldoret, aliyekaa nyumbani tangu ahitimu. Awe na mamlaka ya kufunga jakuzi wakati wowote bila kukuomba ruhusa, hata Jumamosi imejaa. Na mlipe mshahara, si pesa ya vocha.

Nisalimie Anti na wote wa boma.